Riyali 100 za kugeuza shingo

Karatasi ya mshahara wa Desemba imetoka jana. Nimeisoma mara tatu nikidhani macho ndiyo mabovu. Mshahara wa msingi, sawa. Pesa ya chakula, sawa. Ovataimu ya siku za mechi imepunjwa saa nne, lakini hilo tumeshalizoea. Halafu chini kabisa, mstari mmoja mfupi: makato riyali 100, utovu wa nidhamu kazini. Hiyo ni kama shilingi 3,500 za kwetu Kenya. Nendeni nazo soko la Kongowea, Mombasa, mwone mtarudi na kapu la namna gani.

Utovu wenyewe ni huu: niligeuza shingo.

Mimi ni askari wa uwanjani hapa Doha, mwaka wa tatu sasa. Kombe la Kiarabu lilipoanza tarehe 1 Desemba 2025, simu yangu haikulala. Binamu zangu wa Kisauni, jirani wa zamani, hata ustadhi wangu wa madrasa: "Wewe bwana umebahatika, walipwa kutazama mpira." Jamani. Askari wa jukwaani hatazami mpira. Anasimama chini pale kwenye reli na fulana yake ya kung'aa, kiwanja kiko mgongoni, uso ameuelekeza kwa watu. Dakika tisini hivyo. Ukitaka kujua nani kafunga, wasoma midomo ya watu. Mimi nimekuwa hodari wa kusoma huko. Nyuso hubadilika kabla kelele hazijapanda, na mwenye sinia la chakula ndiye wa kwanza kusahau alichoshika. Nimeshamwagiwa soda na mashabiki wa mataifa matano.

Siku ya ufunguzi nilipangwa Al Bayt, ule uwanja wenye umbo la hema kule Al Khor. Qatar na Palestina. Dakika za majeruhi Qatar wakajifunga wenyewe, 1-0, na wenyeji wakalala njaa. Sikuuona ule mpira. Nilichoona ni mzee mmoja wa Kipalestina ameketi hali watu wote wamesimama, amejifunika uso na bendera, mabega yanatetemeka. Hadi leo nikisikia Al Bayt nayaona mabega yale.

Wengi kwetu mwaliona kombe hili dogo. Ni kweli nyota wa Ulaya hawakuja, kwa sababu halimo katika zile siku ambazo FIFA huzilazimisha klabu kuwaachia wachezaji, kwa hiyo msimtafute Hakimi wa Moroko wala Salah wa Misri. Lakini mashindano yenyewe ni ya kale: yalianza Beirut mwaka 1963, Tunisia wakabeba, kisha Iraki wakalichukua mara nne. FIFA wameyashika tangu 2021 tu, ule mwaka Aljeria waliposhinda. Na ukitaka kujua kama ni dogo, kasimame mbele ya Wamoroko 20,000 uwaambie.

Lakini habari yangu ni ya Komoro. Waliingia kwa kuwatoa Yemen kwa penalti baada ya sare ya 4-4, wakatupwa kundi moja na Moroko, Saudia na Oman. Moroko wakawapiga 3-1. Saudia wakawapiga 3-1. Tukiwa ndani ya basi la kampuni, mwenzangu wa Nepal ninayelala naye chumba kimoja akanitazama, akaitazama simu yake, akanitazama tena. "Rafiki, hawa Waarabu mbona wanafanana na wewe?"

Nikamweleza. Komoro waliingia Jumuiya ya Nchi za Kiarabu mwaka 1993. Wasomali walitangulia 1974, Jibuti 1977. Akafikiri kidogo. "Na Kenya mtaingia lini?"

Basi zima lilicheka, na mimi nilicheka, lakini lilinikaa. Mimi ni mtu wa Mombasa. Nilipokuwa bodingi bara, wenzangu waliniita Mwarabu kwa ajili ya kanzu ya Ijumaa na jina langu. Mwarabu koko, wakikasirika. Nilipokwenda kuchukua kitambulisho nikaulizwa babu yangu alizaliwa wapi, na babu yake je. Basi nikaja Uarabuni kwenyewe. Miaka mitatu, na sijaona mtu mmoja aliyenidhania Mwarabu hata kwa bahati mbaya. Hapa mimi ni "sadiki", njoo usogeze kizuizi hiki. Sasa akija kijana wa Moroni, kule Komoro, sura yangu, kofia yangu, chakula changu, lugha ambayo nikiisikiliza kwa makini naipata kwa mbali, yeye anaimbiwa wimbo wa taifa katika Kombe la Kiarabu nami namwonyesha choo kiko wapi. Sina kinyongo naye. Nasema tu kwamba sahihi ya serikali ni kitu cha ajabu.

Tarehe 8 wakapangiwa Oman, nami nikapangiwa reli.

Mbele yangu, safu ya kwanza, aliketi mzee wa Kiomani na mjukuu wake wa miaka sita au saba. Dishidasha nyeupe, na kofia ya kushonwa kwa mkono ile ile watu wanayovaa Unguja siku ya Idi. Mtoto akawa hatulii, anapanda kiti, anashuka. Mara nikamsikia mzee: "Kaa kitako, utaanguka!"

Kaa kitako! Nilihisi kama nimeitwa na mamangu dirishani. Nikasahau Kiingereza cha kazi. "Shikamoo mzee."

Akaniangalia kama aliyeona jini. "Marahaba. Ala! Watoka wapi wewe?"

"Mombasa, mzee."

"Mimi nilizaliwa Malindi. Malindi ya Unguja, si ile yenu." Aliondoka mtoto mdogo, mwaka 1964, na hakueleza zaidi, nami sikuuliza. Kuna miaka ambayo mtu wa Pwani haulizi. Akaniuliza kama mkate wa kumimina bado unauzwa asubuhi kwa majirani. Nikamwambia upo. Kisha akagundua. "Sasa wewe utautazama mpira vipi na umetupa mgongo?"

"Siruhusiwi, mzee."

"Basi ntakutangazia."

Na akatangaza kweli! Dakika zote, kwa sauti ya chini, mkono mdomoni kama anayepiga umbea. "Mpira uko kushoto. Kushoto kwangu, kulia kwako. Ngoja, huyu kijana ana mbio... ah, kaupaisha." Oman walihitaji washinde na huku Moroko wafungwe na Saudia, kwa hiyo nusu ya jukwaa walikuwa na simu mkononi, na mzee akawa ananipa mechi mbili kwa pamoja. "Kule bado Moroko wanaongoza. Hawa nao wacha wacheze, twende nyumbani na heshima."

Upande wa pili wa ngazi walikuwa vijana wa Komoro, kama thelathini, ngoma moja, bendera moja kubwa ya nyota nne. Mmoja alinijia kuuliza maji yanauzwa wapi, akaanza kwa Kifaransa, nikatikisa kichwa, akajaribu Kiarabu, nami Kiarabu changu ni cha msahafuni. Mwisho kwa kukata tamaa akalisema neno la kwao, na neno lenyewe ni maji! Nikamwelekeza kwa Kiswahili, polepole. Akashika kifua. "Marahaba!" Kwao hiyo ni asante. Nami kwa mazoea nikaangalia nyuma kuona ni nani aliyempa shikamoo. Mzee alicheka mpaka kofia ikamwinamia.

Basi Komoro walipofunga, lile bao lao moja, mzee alinyamaza. Hakutangaza. Nikaona tu wale vijana thelathini wamekuwa mtu mmoja, ngoma imeanguka ngazini inabingirika, na yule wa maji ananinyooshea kidole mimi, miongoni mwa watu wote, anapiga kelele. Shingo iligeuka yenyewe. Sekunde mbili, si zaidi. Niliona kundi la jezi kwenye kona na kipa anaokota mpira wavuni.

Nilipozirudisha mboni zangu kwa watu, msimamizi alikuwa juu ya ngazi na kijitabu chake.

Oman walishinda 2-1, Moroko nao wakashinda kule, kwa hiyo Oman na Komoro wote wakarudi makwao. Mzee akaniaga: "Yetu mawili hukugeuka. La wenzio ukageuka." Hakusema kwa ubaya. Akaichukua namba yangu, akaiandika mwenyewe kwa kidole kimoja.

Sasa nyinyi mnaonitumia vyeti kila wiki mkitaka kazi huku, nisikilizeni kabla sijapoa. Sheria ya hapa inasema mfanyakazi halipi ili apate kazi. Mimi nilimlipa ajenti shilingi 130,000, pesa ya shamba la mama, na nilikaa miezi tisa nikilirudisha deni. Kima cha chini ni riyali 1,000, tena 500 za malazi na 300 za chakula kama kampuni haikupi vitu hivyo. Ajenti atazijumlisha zote akuambie ndiyo mshahara. Muulize msingi ni ngapi, akigugumia funga mkoba. Mkataba usome ungali Mombasa. Ukishafika ukapewa mwingine wa Kiarabu, utasaini, kwa sababu tikiti ya kurudi huna. Na tangu 2020 waweza kuhama mwajiri bila barua yake, mradi utoe notisi. Hilo kampuni haziwatangazii, nami nimelijua kutoka kwa Mnepali.

Mwataka kujua kama napajutia. Askari wa geti Nyali mnajua anachopata, na wapo wanaokaa miezi miwili hawajakiona. Hapa pesa yaingia benki tarehe yake, na nyumba ya mamangu ina bati mpya na choo cha ndani. Lakini yule wa Nyali jioni anarudi kwake, akikohoa kuna mtu anamuuliza vipi. Mimi tuko sita chumbani, na nikikohoa watano wanageukia ukuta.

Nilikwenda kulalamikia zile 100. Karani akanionyesha sahihi yangu. Ni kweli, nilisaini karatasi usiku ule, nimechoka, sikusoma. Mtu anayewahubiria nyinyi msome mikataba.

Tarehe 18 nikapangwa Lusail, fainali, Moroko na Jordan. Mvua ilikuwa imeichafua Doha, ile mvua iliyoivunja mechi ya mshindi wa tatu kule uwanja wa Khalifa, nasi tulisimama na makoti ya plastiki. Dakika ya nne tu, sijakaa sawa, nikaona safu nzima imeinua nyuso juu kama wanaotazama ndege ikipita. Vichwa vikafuata kitu fulani, polepole, kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Midomo ikafunguka yote. Tannane wa Moroko alikuwa amepiga kutoka nusu yake ya uwanja. Jordan wakarudisha, wakaongoza, Moroko wakasawazisha, wakamaliza 3-2 katika muda wa nyongeza. Mabao matano, na shingo yangu kama ya sanamu.

Nililiona bao la Tannane saa nane usiku ndani ya basi, kwenye simu ya Mnepali iliyopasuka kioo. Yangu ilikuwa na ujumbe mmoja wa sauti kutoka Maskati. Nikauweka sikioni. "Sijui leo mgongo wako wameuelekeza wapi," mzee anasema, na nyuma yake yule mtoto anaruka kwenye makochi, "lakini huyu Mmoroko kapiga kutoka mbali, mwanangu. Mbali! Ngoja nikuanzie mwanzo."