Katani ya Cawker City

Safari ilikuwa ya kwenda Nicodemus. Hicho ni kijiji cha Kansas kilichoanzishwa mwaka 1877 na Wamarekani Weusi waliotoka Kentucky, wengi wao wamezaliwa utumwani, na mimi ndiye niliyekuwa nimekishupalia. Cawker City haikuwamo kabisa katika hesabu zetu. Tulikodi gari-nyumba mjini Kansas City, Julai 2018, tukapakia mchele, dengu na birika la chai, tukaondoka.

Gari lenyewe lina kitanda, jiko la gesi, friji na choo, na choo hicho lazima mtu akimwage. Baba Neema, ambaye nyumbani hata ndoo ya deki haigusi, alivaa glavu za mpira na kuunganisha bomba kila tulipofika kambini, huku mimi nikiangalia dirishani kwa raha zangu. Tatizo lilikuwa upepo. Lori likitupita, vyombo vyote vinagongana kabatini, na yeye anang'ang'ania usukani kwa mikono miwili, kimya.

Tulianzia Flint Hills, kwenye vilima ambako jembe lilishindwa kwa sababu mawe ya gumegume yako karibu mno na uso wa ardhi. Ndiyo maana nyasi ndefu za asili zimebaki huko. Kwingineko Amerika Kaskazini karibu zote ziligeuzwa mashamba. Kisha tukapanda kaskazini, tukaishika barabara ya 24 kuelekea magharibi. Huko kila mji unajitangaza kwa mbali: kwanza ghala la nafaka, refu jeupe, halafu tangi la maji lenye jina la mji, halafu mtaa mmoja, na mji umekwisha. Madereva wa pikapu wakipishana nawe huinua kidole kimoja juu ya usukani. Baba Neema alifurahi sana. Mtu wa Korogwe hapiti bila kusalimia.

Tulilala kando ya ziwa pale Glen Elder. Asubuhi, mji uliofuata, ndio Cawker City, nikaona kibanda kisicho na kuta pembeni mwa barabara, na ndani yake dude la mviringo, refu kuliko mtu. Nilidhani ni jiwe. Baba Neema alishuka kwanza kunyoosha miguu.

"Mama Neema, shuka uone! Hii katani!"

Kumbe ni mpira wa kamba. Mkulima mmoja, Frank Stoeber, alianza kuuviringisha mwaka 1953 kwa mabaki ya kamba za kufungia majani ya mifugo, akaukabidhi kwa mji mwaka 1961. Alifariki 1974, lakini wenyeji na wapita njia wanaendelea kuongezea kamba mpaka leo. Mimi ningepiga picha na kuondoka. Mwenzangu alikuwa ameinama, pua imegusa kamba.

Baba mkwe alitoka Kasulu miaka ya hamsini akaja mashamba ya mkonge akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba. Alikata mkonge mpaka uzee. Nilipopelekwa kutambulishwa alinipa mkono, nikazisikia kovu za miba kiganjani. Miaka hiyo Tanganyika ndiyo iliyoongoza duniani kwa katani, na ya mashamba hayo ilipita Korogwe, Muheza, Ngomeni, ikashuka bandarini Tanga.

"Baba alikuwa akiuliza kila siku," akasema, bado ameinama. "Wazungu wanafungia nini katani yote hii?"

Nikamwambia Mexico nao walikuwa na katani yao, tena karibu zaidi.

"Mwaka hamsini na tatu? Acha, bwana."

Kuna mama anayetunza kamba za wageni, lakini siku hiyo hakuwepo hadi alasiri. Nikasema twende. Hakwenda. Tulikula wali na dengu ndani ya gari, tukasubiri. Mama alipofika na rola lake la kamba, Baba Neema akaunga fundo, akazunguka na kamba taratibu, akiivuta ikaze, na akamweleza korona, ile mashine ya kuparua mkonge, ni nini kwa Kiingereza chake cha kukata na shoka. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akaomba hata atajiwe tena jina la Korogwe.

Nicodemus tukafika saa kumi na mbili jioni, ofisi ya wageni imefungwa zamani. Nikazunguka peke yangu kwenye ukumbi wa mawe ya chokaa na makanisa yao mawili, nikitazama tambarare ile ambayo watu wa kwanza hawakukuta mti wa kujengea, wakachimba nyumba ardhini. Nilikuwa nimenuna, sikatai. Baba Neema alibaki ngazini mwa gari anampigia kaka yake Korogwe, na sauti ya kule ilikuwa imewekwa spika.

"Umeniamsha saa nane usiku," kaka mtu akasema, "kuniambia umeona kamba?"