Nilivyomfundisha mtoto anayesoma midomo wakati wa barakoa

Nilikuwa na mwanafunzi wa miaka 9 ambaye husikia kidogo sana, hata akiwa na vifaa vyake vya kusikia masikioni. Sehemu kubwa ya somo huipata kwa kunitazama mdomo. Basi shule zilipofunguliwa tena baada ya korona kuzifunga, na sharti likawa barakoa tangu getini mpaka kengele ya kuondoka, yangu ilikuwa imemfunikia kitabu chake.

Sikupinga barakoa, na sipingi hadi leo. Nilikuwa naishi na mama yangu, mzee mwenye kisukari, na kila jioni niliogopa nilichoweza kumpelekea kutoka darasani. Nilitaka sharti lifuatwe na mtoto asome, vyote viwili.

Wiki ya kwanza niliamini mambo yanakwenda. Nikiuliza kama ameelewa, anaitikia kwa kichwa. Kisha nikakusanya madaftari nikakuta amenakili kazi ya jirani yake mstari kwa mstari, hata jina la jirani limo juu ya ukurasa. Siku ya imla nikasoma maneno 10, akaniletea karatasi tupu. Niliumia sana, kwa sababu mtoto huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono kabla shule hazijafungwa.

Ushauri ukaanza kumiminika, na mwingi ulinikera. "Paza sauti." Barakoa humeza sauti nyembamba kama s, f na sh, na hizo ndizo zinazotenganisha neno na neno. Ukipaza sauti unazikuza irabu tu, na mtoto anabaki na "a-a-a" inayonguruma. "Mkalishe mbele." Hajawahi kukaa kwingine. "Ukifika kwake ishushe kidogo." Anayesema hivyo hajakaa na watoto. Mwalimu akishusha barakoa kidevuni, kabla hujamaliza sentensi nusu ya darasa imeshusha, na kuwarudisha ni kazi ya juma zima.

Nikajaribu ngao ya plastiki, ile ya kufunika uso mzima. Siku mbili nilifurahi. Siku ya tatu nikaenda kukaa kwenye kiti chake, nikamwomba mwalimu mwenzangu aivae na asimame ninaposimama. Nilichokiona ni madirisha ya darasa yakimeremeta kwenye plastiki. Midomo yake haikuonekana. Tena ngao iko wazi chini na pembeni, pumzi inatoka itakavyo. Mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliutoa Agosti 2020 ulikuwa wazi kwamba ngao hailingani na barakoa. Mwongozo huohuo ulisema watoto wa miaka 5 kurudi chini wasilazimishwe barakoa, wa miaka 12 na zaidi wavae kama watu wazima, na mtoto mwenye ulemavu aangaliwe kwa hali yake. Niliuchapisha nikampelekea mwalimu mkuu. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu anayetaka upendeleo. Nikiwa na karatasi ile mkononi, alinipa ruhusa siku hiyohiyo ya kuvaa barakoa ya kujitengenezea, mradi ifunike pua mpaka kidevu.

Kushona mwenyewe hakukunishinda. Nikakata dirisha mbele ya barakoa ya kitambaa, nikashonea nailoni ya kujaladia madaftari. Dakika mbili tu za kusoma hadithi, ukungu mtupu. Na kila nikivuta pumzi, nailoni inanigandia midomoni, hata herufi m ikawa haitamkiki. Ya pili nikatumia plastiki ngumu kidogo, niliyoikata kwenye faili angavu, nikaikunja chini ya kidevu ili isimame mbali na mdomo. Kuganda kukaisha, ukungu ukabaki. Nikajaribu kuifuta kila baada ya aya, nikajaribu kupumulia puani, nikajaribu kupunguza maneno. Hakuna kilichosaidia zaidi ya robo saa.

Jibu lilikuwa karibu na sinki. Tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, unalipaka upande wa ndani wa plastiki kwa kidole, unaliacha likauke, kisha unasugua taratibu kwa kitambaa laini mpaka pang'ae. Usisuuze. Sabuni hufanya unyevu utandae kama utando mwembamba usioonekana badala ya kusimama matone matone. Mara ya kwanza nilifundisha vipindi viwili mfululizo na dirisha halikufifia. Nilijisikia kama niliyevumbua moto! Gharama yenyewe ni ndogo: kitambaa nilikuwa nacho, faili moja ilitoa barakoa nne. Ila dirisha lisiwe kubwa. Liishie kwenye pembe za mdomo, pembeni ubaki na kitambaa cha matabaka matatu, maana pumzi lazima ipate pa kupita, na isipopita kwenye kitambaa itapita kwenye mianya.

Yako mawili ambayo sikuyatarajia. Plastiki inazima sauti kuliko barakoa ya kawaida, kwa hiyo watoto wanaosikia vizuri ndio walioanza kulalamika. Nikaazima kipaza sauti kidogo cha kubana kolani, yakaisha. La pili lilihusu barakoa ya mtoto mwenyewe: kamba zake zilining'inia mahali pamoja na vifaa vya kusikia, na akiivua haraka wakati wa kunywa maji, kifaa kinaruka nacho. Siku moja tulikitafuta kwenye nyasi darasa zima, tumepiga magoti. Aliyelimaliza jambo hilo ni mama yake. Alishona vifungo viwili kwenye utepe wa nywele, nyuma ya masikio, kamba za barakoa zikawa zinanasa kwenye vifungo. Nilipomwambia, "Mama, hili mimi nisingeliwaza," alicheka akaniletea tepe nyingine tano za watoto wenzake, maana masikio ya wengi yalikuwa yanauma.

Nilijifunza pia kusimama dirisha la darasa likiwa mbele yangu, mwanga unipige usoni, na kutozungumza huku naandika ubaoni. Hayo ilinipasa niyajue tangu mwanzo.

Baada ya majuma matatu hivi nikarudia imla, maneno yaleyale 10. Safari hii alikuwa ananitazama mdomoni bila kupepesa. Akapata 9. Alilokosa lilikuwa "papa", aliandika "baba". Kwa msomaji wa midomo, baba, mama na papa ni neno moja, midomo inafunga na kufunguka vilevile. Ndilo kosa alilokuwa akilifanya hata kabla ya barakoa, na nilipoliona nilikaa kitini nikashindwa kuendelea na somo kwa muda.