Meli za kitalii Mombasa: tupige hesabu zote

Meli kubwa ya kitalii ikifunga gati Kilindini, kila mtu anahesabu abiria. Hesabu hiyo inadanganya. Abiria analala na kula melini, nchi kavu anakaa saa chache tu. Mjini zinabaki ada za bandari, nauli za mabasi, kiingilio cha Fort Jesus, posho ya waongoza watalii na vinyago kidogo. Anayeacha pesa ya maana ni anayekwenda kulala Tsavo. Kwa hiyo meli inayolala bandarini nathamini kuliko mbili za kupita.

Sasa uchafu. Meli ikiwa gatini haizimi jenereta, maana friji na viyoyozi havilali. Tangu 2020 salfa kwenye mafuta ya meli isizidi asilimia 0.5 (zamani 3.5), lakini meli yenye mtambo wa kuosha moshi inaruhusiwa kuchoma mafuta mazito yenye salfa nyingi. Mtambo ukiwa wa mfumo wazi, maji yenye tindikali yanarudi baharini. Ya choo, yasiyosafishwa, humwagwa kihalali zaidi ya maili 12 za baharini kutoka pwani, meli ikiwa inatembea. Ya bafuni, jikoni na kufulia? MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, hauyagusi. Hapo sheria zetu wenyewe ndizo zibane.

Mji wa Venice, Italia, mwaka 2021 ulizuia meli za zaidi ya tani 25,000 kupita mfereji wake wa Giudecca. Sisi tuanze na umeme wa gatini, meli ichomeke kwenye gridi na kuzima jenereta: megawati kadhaa kwa meli moja, pamoja na kibadilishi cha masafa ya umeme, kwani meli nyingi hutumia hezi 60 (mizunguko kwa sekunde) na gridi yetu ni 50.