Siku moja na dada wa kazi: kuanzia pampu hadi hesabu ya usiku

Saa 11:00 alfajiri. Kimara, Dar es Salaam, bado giza, na kazi ya kwanza haiko jikoni, iko kwenye maji. Maji ya bomba mtaani kwetu huja usiku na kuingia tangi la chini, kisha asubuhi dada anawasha pampu ili maji yapande simtanki. Hapa ndipo pampu nyingi za mjini zinapokufa. Swichi ikiwashwa tangi la chini likiwa kavu, pampu inazunguka bila maji, inapata moto, sili inaharibika na mwisho waindi (nyaya za ndani ya mota) inaungua. Fundi akija tunamwambia, "dada kaunguza pampu." Ukifuatilia utakuta aliambiwa sentensi moja tu: "Asubuhi washa pampu." Piga mstari wa rangi ya mafuta kwenye ukuta wa tangi, ndani, sentimita kadhaa juu ya mdomo wa bomba la kunyonya. Maji yakiwa chini ya mstari, swichi haiguswi. Simtanki nalo liwekewe boya, na boya libonyezwe mara kwa mara kwa mkono, kwa sababu likikwama maji yanamwagika na bili ni ileile.

Saa 11:20. Uji. Kikombe kimoja cha unga wa lishe kwa vikombe vinne vya maji. Unga ukorogwe kwanza na kikombe kimoja cha maji baridi, ndipo umiminwe kwenye yale matatu yanayochemka. Ukimwagwa mkavu kwenye maji ya moto ni madonge matupu. Baada ya hapo ni moto mdogo, dakika 20, na kukoroga. Tatizo ni hizo dakika 20. Ndani yake kuna mtoto wa darasa la kwanza asiyepata soksi, mdogo wake anayelia na mama anayeuliza pasi iko wapi. Sufuria linashika chini kwa sababu mkono wa kukorogea umeitwa chumbani. Nyumba nyingi zinasema dada zao wana uzembe. Mimi naona kazi mbili zimepangwa dakika moja. Uji ukitangulia na kuingia kwenye chupa ya chai kabla watoto hawajaamshwa, ugomvi wa kila asubuhi unapungua.

Saa 12:15. Basi la shule linapiga honi, wakubwa tunawahi basi la mwendokasi. Kabla ya kutoka, makabidhiano ya dakika tano: pesa ya genge, mboga ya leo, dawa ya mtoto kama ipo (kipimo na saa viandikwe kwenye karatasi), na namba za jirani na baba mtoto. Pesa iachwe ya chenji. Ukiacha noti moja ya elfu kumi, mama genge asubuhi hana chenji, dada anakopa, na jioni hesabu haieleweki.

Saa 3:00. Kufua. Nguo nyeupe peke yake, ndoo yake. Jik, dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, inachanganywa na maji kwanza, ndipo nguo iingie. Ikimiminwa moja kwa moja kwenye shati inaacha baka la njano au tundu. La hatari zaidi ni chooni: Jik isikutane kabisa na dawa ya choo yenye asidi, hutoa hewa ya klorini inayochoma macho na mapafu. Na wala isihamishiwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto wa miaka miwili hasomi lebo.

Saa 5:00. Simu: "Shikamoo mama. Luku inalia." Tokeni ya umeme ina tarakimu 20, dada ana kitochi, na ujumbe umeunganisha tarakimu zote. Akikosea moja anaanza upya, friji limezima, samaki wanayeyuka. Tuma kwa mafungu ya nne nne, naye anakili kwenye karatasi kabla ya kugusa rimoti. Bora zaidi kununua mapema, uniti zikibaki chache, badala ya kusubiri mlio.

Saa 7:00 mchana, chakula, mtoto analala. Hapa dada naye apumzike, bila kupigiwa simu ya "umeshapiga pasi?" Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inataja saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki, pamoja na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Aliyeamka saa 11 alfajiri na kulala saa 4 usiku amekuwa macho saa 17. Makosa ya jioni, kama chumvi iliyozidi au mtoto aliyeachwa koridoni, mengi yanatoka hapo.

Saa 1:30 jioni. Tumefika, foleni imetuchelewesha. Kwanza mtoto: amekula nini, ameharisha, ameanguka? Ukianza na sahani iliyovunjika, kesho hutaambiwa mtoto alipoanguka.

Saa 3:00 usiku, hesabu. Daftari moja, safu tatu: alichopewa, alichonunua, kilichobaki. Daftari hilohilo linaandika mshahara, tarehe na sahihi yake. Kilio kikubwa cha mjini ni dada kuondoka ghafla: anapokea mshahara, anasema kuna msiba nyumbani, harudi, na pengine dalali aliyemleta ndiye aliyempeleka nyumba nyingine ili alipwe tena. Wengi wanajibu kwa kumshikia mshahara. Hilo ni kosa, na ndilo linalomfanya atoroke siku akiupata. Anayelipwa kwa mwezi sheria inampa notisi ya siku 28 baada ya mwezi wa kwanza, pande zote mbili, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mwambieni hayo siku anapoingia, ziara ya nyumbani ipangwe tarehe, nauli ya kwenda na kurudi itajwe. Dalali alipwe nusu anapomleta, nusu baada ya miezi mitatu. Barua ya utambulisho ipelekwe serikali ya mtaa, na namba ya mzazi wake ipigwe siku hiyohiyo, mbele yake, aongee naye.

Saa 3:30. Nusu kilo ya maharage inalowekwa kwa ajili ya kesho, gesi inafungwa kwenye mtungi wenyewe, si kwenye jiko tu, na ratiba ya siku inayofuata inapangwa na dada akiwa amekaa kitini, si akiwa anaosha vyombo.