“Hakiumi, ndiyo maana sikuja”: siku yangu kliniki ya matiti

Saa 11:20 alfajiri
Kimara bado giza, lakini kituo cha mwendokasi kimeshajaa. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya matiti kwenye hospitali moja hapa Dar. Daktari ndiye anayepapasa na kuandika, mimi ndiye ninayejua nani amepimwa, nani bado, na kinyama cha nani, yaani kipande kidogo kilichotolewa kwenye uvimbe kwa ajili ya kipimo, kimelala maabara hakijasomwa. Habari za wagonjwa hapa nimezichanganya makusudi, kwa hiyo msihangaike kumtafuta mtu.

Saa 1:30 asubuhi
Benchi limeshajaa. Napita na daftari: uvimbe umeuona lini, unabadilika ukikaribia siku zako, chuchu inatoa kitu, kwenu kuna aliyeugua ziwa au ovari?

Waliowahi mbele wengi wamekuja kwa maumivu. Maziwa yote mawili yanakuwa mazito na kuuma wiki moja kabla ya hedhi, hedhi ikiingia yanatulia. Mara nyingi hizo ni homoni tu. Ninayemwangalia zaidi ni yule aliyekaa mwisho wa benchi na mtandio ameukusanya kifuani. “Hakiumi, dada, ndiyo maana sikuja mapema.” Sentensi hii naisikia sana. Saratani ya titi mwanzoni kwa kawaida haiumi. Ingekuwa inauma kama jino, watu wangekuja mbio.

Saa 2:15
Daktari ameingia. Kwanza hagusi, anatazama. Mgonjwa anakaa, anainua mikono, kisha anajishika kiuno. Ngozi imebonyea mahali? Chuchu imevutwa ndani wakati zamani haikuwa hivyo? Kuna vishimo vidogovidogo vya ganda la chungwa? Baada ya hapo analala, mkono nyuma ya kichwa, vidole vinapita titi lote, kwapani na juu ya mtulinga.

Binti wa chuo ana kinundu kinachoteleza chini ya vidole, laini, ukikisukuma kinahama. Kwa umri wake huo huwa ni fibroadenoma, uvimbe usio saratani. Mama yake anataka kitolewe leo hii. “Mama, tukipiga ultrasaundi na kuridhika, tunaweza kukiacha na kumwita tena tukiangalie. Kikikua haraka, hapo tunazungumza kisu.” Mama hajapenda. Anaona kukiacha ni uzembe.

Mama anayenyonyesha ana titi jekundu, la moto, na homa. Jipu. Usaha unavutwa kwa sindano, antibayotiki, na aendelee kunyonyesha au kukamua. Alikuwa ameambiwa mtaani kwamba maziwa yameharibika, amwachishe mtoto. Akiondoka namsisitizia jambo moja: wekundu usipoisha baada ya dawa, arudi. Ipo saratani inayokuja kwa sura hiyohiyo ya titi jekundu lililovimba, na nimeona wanawake waliopewa antibayotiki duru baada ya duru bila mtu kuchukua kinyama.

Bibi mmoja ana ukurutu kwenye chuchu ya upande mmoja, ameupaka mafuta ya kila aina. Huyo naye anaandikiwa kinyama. Ukurutu wa chuchu moja usiopona hatuuachi hivihivi.

Na ndiyo, wanaume wanakuja. Wachache. Wengi wao ni titi lililokua kwa dawa wanazotumia au homoni, lakini uvimbe mgumu chini ya chuchu ya mzee tunaupima kama wa mwanamke.

Saa 4:00
Chumba cha picha. Walio chini ya miaka 40 kwa kawaida wanaanza na ultrasaundi, kwa sababu titi la kijana limeshikamana na kwenye mamografia, yaani eksirei ya titi, linatoka jeupe tupu, uvimbe nao mweupe, huoni kitu. Waliozidi hapo wanapigwa mamografia, na ultrasaundi juu yake ikihitajika.

Hapa vita yangu ni poda na deodoranti. Joto la Dar unalijua, kila mtu amejipaka kwapani. Chembe zake zinaweza kuonekana kwenye picha zikafanana na vichembe vya chokaa vinavyoweza kuashiria saratani, ambavyo ndivyo tunavyovitafuta. Natembea na vitambaa vilivyolowa, nawafuta watu wazima makwapa. “Shikamoo mama, naomba nikufute.” “Marahaba, mwanangu, leo umeniogesha.”

Mmoja amekutwa na kifuko cha maji. Sindano imeingia, maji ya rangi ya majani makavu yametoka, uvimbe haupo. Yangekuwa na damu yangekwenda maabara. Ameruka kwa furaha hadi kanga ikaanguka.

Saa 5:30
Kinyama. Swali la kwanza ni lilelile: “Nikiguswa na sindano si itasambaa?” Haisambai kwa sababu ya sindano. Inayosambaa ni ile iliyokaa nyumbani mwaka mzima haijaguswa.

Ganzi, mchano mdogo, halafu sindano yenye springi inayolia “ta!”. Ule mlio nauigiza kabla, maana asiyeonywa hushtuka na sindano ikayumba. Vinachukuliwa vipande kadhaa, vyembamba. Naviingiza kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama, papo hapo, naandika jina na saa, kisha nabana kidonda dakika 10 huku tukipiga soga za bei ya nyanya. Ile saa si urembo wa fomu: nyama ikikaa nje ya fomalini, au ikikaa humo muda mfupi mno, vipimo vya vipokezi vya homoni na vya HER2 (protini ya kwenye seli za saratani) vinaweza kudanganya, na dawa inachaguliwa kwa vipimo hivyo.

Saa 7:00 mchana
Wali maharage, nimesimama.

Saa 8:00
Kikao: daktari wa upasuaji, wa picha, wa patholojia. Hapa ndipo ninapoipenda kazi hii. Kuna mama wa miaka 40 na kitu, kinyama chake kilichukuliwa kwingine kwa kupapasa tu, majibu yameandikwa hakuna saratani. Shangazi yake amepiga vigelegele koridoni. Lakini mkono wa daktari unakuta kitu kigumu kilichong’ang’ania, na ultrasaundi inaonyesha kivimbe kirefu kuliko upana wake, kingo zimechongoka, nyuma yake kivuli. Majibu hayaendani. Mkono, picha na kinyama vikipishana, hatuchagui jibu linalotufurahisha. Huenda sindano ilipita pembeni ikaleta nyama isiyo na ugonjwa. Inarudiwa, safari hii ikiongozwa na ultrasaundi.

Kumweleza ni kazi. Umeshikilia karatasi inayosema huna saratani, halafu nesi anakuambia usiisherehekee kwanza. Shangazi amenikasirikia waziwazi, nami namwelewa.

Saa 9:30
Mwingine, majibu yake yanaendana yote, ni saratani, haijafika kwapani. Anaanza kulia daktari alipotaja Ocean Road, hospitali ya saratani, si alipotaja saratani yenyewe. Jengo lile la Wajerumani la mwaka 1897 limebeba hofu ya mji mzima, watu wanaona ni mahali pa kwenda kumalizikia. Namwambia wapo wanaotibiwa pale na kurudi sokoni kwao. Mumewe anauliza bima. Tunaanza na bima.

Saa 11:00 jioni
Simu. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike. Kwenye daftari langu wanaovuka hizo siku si wote wamecheleweshwa na maabara. Wengine majibu yapo, wenyewe hawapo. Mmoja nampigia, anapokea dada yake: amekwenda Tanga, kuna mtaalamu wa mitishamba.

“Majibu yake yametoka?”
“Yametoka, lakini siwezi kuyasema kwa simu. Aje naye mtu.”
“Nauli ndiyo tatizo, dada.”
Namwambia namtumia namba ya ustawi wa jamii wa hospitali, aongee nao kesho asubuhi kabla ya saa tatu, baada ya hapo hawashiki simu.
“Na hiyo mitishamba aiache?”
“Aje nayo, tuione.”