Kabla hujapakia punda, hesabu madumu

Jana shemeji kanipigia kutoka Kasulu, anataka punda wengine watano, na kabla hatujaongea habari ya bei nikamuuliza madumu ya maji tutayapata mangapi. Hakushangaa, maana tulikuwa wote ile safari ya Oktoba.

Ilikuwa hivi. Tulinunua punda sita mnadani kule Igunga, tukawalaza kwangu hapa Tabora siku mbili halafu tukawapakia kwenye fuso saa 4 asubuhi, jua la Oktoba la huku unalijua lilivyo. Dereva akasema tusiwanyweshe kabla ya kuondoka, wakikojoa sakafu inateleza wataangukiana kwenye kona, na mi nikakubali kwa sababu yeye kasafirisha ng'ombe miaka mingi. Tukasema maji tutayapata njiani. Urambo tukapita bila kusimama. Kaliua tukashuka kula, tukaazima ndoo pale kwa mama ntilie tukajaza maji ya bomba, punda wakanusa, wote sita wakageuza vichwa. Tukasema basi, hawana kiu, twende.

Hapo ndo tulipokosea, na nalisema wazi kwa sababu najua wengi wanafanya hivohivo mpaka leo. Punda kukataa maji haimaanishi hana kiu. Anakataa kwa kuwa hayo maji hayajui. Wale walikulia kwenye lambo, wamezoea maji ya tope yenye harufu ya udongo, wewe unamletea maji yenye dawa kwenye ndoo inayonuka mafuta ya kupikia, ni mnyama mchaguzi sana kwenye maji kuliko watu wanavyodhani. Halafu anavumilia kiu kuliko ng'ombe, mwili wake unaweza kupoteza maji mengi na bado kasimama kimya masikio juu, wewe unaona mzima kumbe ndani anakauka. Na kama humo kwenye bodi umemuwekea majani makavu anatafuna bila maji, yale majani yanaganda tumboni yanaziba.

Tulipovuka daraja la Kikwete pale Malagarasi jike mmoja akaanza kugeuka kuangalia ubavu wake, anajipiga tumbo kwa mguu wa nyuma, majani hataki. Uvinza tukampata bwana mifugo, akaja usiku na pikipiki, akampitishia maji kwa mpira puani, tukamtembeza tukamtembeza, mpaka alfajiri akafa. Punda aliyebeba maji ya watu maisha yake yote kafa kwa kukosa maji. Sijawahi kulisahau na sitaki kulisahau.

Sasa nafanya hivi. Punda mmoja kwa siku anakunywa kama lita 10 mpaka 25 (farasi ni zaidi, 25 mpaka 45), na kwenye joto na msongamano wa gari mi nahesabu ile ya juu. Punda watano mara 25 ni lita 125, kwa hiyo madumu 7 ya lita 20, yanajaa kwangu asubuhi, maji yaleyale waliyokuwa wanakunywa hapa. Siku hizi Tabora tuna maji ya Ziwa Victoria bombani, kwakweli tunashukuru, lakini punda wa lambo anahitaji siku tatu nne kuyazoea, so nawakalisha hapa hizo siku, kila mmoja na beseni lake maana mbabe wao huwa anawafukuza wenzake, na mabeseni hayohayo yanapanda gari. Natupia konzi ya pumba za mahindi juu ya maji. Akianza kufuata pumba anajikuta anakunywa, na njiani hata maji yakibadilika harufu ya pumba inabaki ileile.

Chumvi nayo inasaidia, kijiko kimoja cha chakula kwenye pumba zilizolowana inamtia hamu ya kunywa, ila kama madumu hayatoshi chumvi iache kabisa utamuua.

Tunaondoka saa 11 alfajiri wakiwa wamekunywa. Habari ya kuteleza tulimaliza kwa mchanga, unamwaga sakafuni juu yake unatandika mabua, wakojoe wanavyotaka. Kila baada ya masaa matatu au manne tunasimama chini ya mti, injini inazimwa kabisa, dakika 20 au nusu saa. Punda hanywi gari ikinguruma na utingo anapiga kelele, inabidi mtulie. Kuna sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2005 inataka farasi wa safari ndefu wapewe maji angalau kila masaa 8, mi naona kwa jua la kwetu na bodi la wazi masaa 8 ni mengi mno.

Pale kwenye kituo nashika ngozi ya shingoni naivuta kidogo naiachia, ikirudi haraka sawa, ikibaki imesimama kama hema huyo kakaukiwa. Fizi nazo nazigusa, zikiwa kavu zinanata hatuendi popote mpaka anywe. Dereva atanuna, anune tu.

Wa shemeji wawili nishawapata, wapo hapa nyuma ya nyumba. Mmoja tayari anakunywa vizuri kwenye beseni la bluu, yule mwenye doa jeupe puani bado anapulizia maji tu hanywi, usiku nampelekea ya kisimani. Nampa siku mbili tena, asipoyazoea gari itaondoka bila yeye.