Injini ya ndege ilivyoanza kukata karibu na Tabora, na nilivyoirudisha

Wakuu, mi nilijua barafu kwenye injini ni mambo ya Ulaya. Ilikua Januari, mvua imetoka kunyesha, joto kama nyuzi 22 hivi, nipo na mwalimu wangu kwenye kandege ka viti 2 ka injini ya kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa) tunaelekea upande wa Urambo. Nimepunguza mafuta kidogo, baada ya dakika chache mizunguko ya injini ikaanza kushuka yenyewe, naongeza, inashuka tena, halafu injini ikaanza kutetemeka kama bodaboda iliyowekewa petroli yenye maji.

Mwalimu akaniambia, "Dogo, shika spidi kwanza, injini baadae." Nikaiweka ndege kwenye spidi ya noti 60 (kama kilomita 110 kwa saa), macho yanatafuta pa kutua, miombo hapana, shamba la tumbaku sawa ila ufuate matuta, ukiyakata unabinuka.

Ndo nikavuta hiti ya kabureta yote, ile inayopeleka hewa ya moto kwenye kabureta. Aisee ikawa mbaya zaidi! Inakohoa, nikataka kuirudisha, mwalimu akanidaka mkono, "iache, hayo ni maji ya barafu inayoyeyuka yanapita kwenye injini." Nusu dakika hivi (kwangu ilikua mwaka mzima) ikatulia, mizunguko ikapanda.

Kumbe petroli ikigeuka mvuke inapoza kabureta hata nyuzi 20 na zaidi, hewa ikiwa na unyevu barafu inashika hata siku ya joto. Sasa hivi navuta hiti kabla ya kupunguza mafuta, na mizunguko ikishuka bila sababu sisubiri itetemeke. Matangi tulikagua baadae, hamna hata tone la maji.